Dawa Inayokataza Kulala

Godoro lilikuwa limekwisha kupakiwa. Ndoo tatu, sanduku la nguo na redio iliyofungwa kwa mpira vilikuwa juu ya gari, na sasa wanaume wawili walikuwa wanamtoa mwenyewe, amekalia kiti cha plastiki, mmoja kashika nyuma, mwingine kashika miguu ya mbele. Bi Zege alikuwa ameng'ang'ania mikono ya kiti, macho mbele, kama mtu anayepitishwa mtaa wa maadui. Kilichomuudhi si kubebwa. Kilichomuudhi ni yule wa nyuma, mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa akimwambia mwenzake, "Polepole, usigonge kona," kwa sauti ileile anayoitumia kazini kwake.

Mwanawe alikuwa mtunza bohari. Miaka kumi na minane amepokea makasha ya vioo, vigae na masinki, akayapanga kwenye rafu, akayatoa, na sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kuvunja hata kikombe. Siri yake ilikuwa moja: kinachovunjika hakiguswi. Ukikiweka juu, kivulini, ukakiacha, hakitakuaibisha. Tangu mama yake avunjike nyonga wiki saba zilizopita, kanuni hiyo alikuwa ameitoa boharini akaileta nyumbani.

Wifi yake Bi Zege, dada wa marehemu mumewe, alisimama kando ya lundo la mchanga na chekecheke mkononi. Miaka ishirini na saba walikuwa wakifyatua matofali ya matundu kiwanjani hapo, huyu akichekecha, yule akimwaga zege kwenye kalibu, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kupeana neno zuri mbele za watu.

"Kweli mkubwa ni mkubwa," wifi akasema. "Sisi wengine tukitaka kuondoka tunakwenda kwa miguu. Mwenzetu anataka kiti."

"Yale magunia yanayofunika matofali yasikauke," Bi Zege akajibu. "Mwagilia asubuhi na jioni. Nikirudi nikikuta matofali yamepauka, utaeleza."

"Ukirudi," wifi akasema, na ule utani haukumalizika.

Kwa mwanawe jambo lilikuwa limekwisha. Usiku wa hospitali, kabla ya kuwekewa chuma nyongani, maumivu yalipokuwa yanamfanya aone mataa mawili mawili, Bi Zege alimwambia, "Fanya utakavyo." Mtunza bohari alilipokea neno hilo kama hati ya kupokelea mzigo. Alikwisha kumpata mnunuzi wa kiwanja, bwana mmoja mwenye mashine ya kufyatulia matofali mia tatu kwa siku, na kilichobaki kilikuwa sahihi ya mama. Bwana Mashine, ndivyo mtaa ulivyomwita, angekuja na karatasi Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Alipofikishwa kwenye gari, Bi Zege aliomba kitu kimoja. Kalibu yake ya chuma, ile ya ua la petali nane, aliyochongewa na mumewe.

"Kalibu ya nini ghorofani, mama?" mwanawe akauliza kwa upole. Upole wake ndio uliokuwa unachoma.

Kalibu ikabaki.

*

Jinsi alivyoanguka, yeye mwenyewe aliijua vizuri kuliko waliomsimulia. Kila fundi wa zege ana amri moja: ukishachanganya, hukai. Saruji ikishaonja maji haikungoji uende ukanywe chai. Asubuhi ile alimeza vidonge vyake vya sukari kama kawaida, akataka kula, wifi akaita kwamba maji yamekwisha kuingia. Akasema atakula wakimaliza. Walipofika tofali la arobaini mikono ilianza kutetemeka, jasho likamtoka, dunia ikaenda upande. Hakuanguka kutoka juu ya kitu. Alianguka kutoka kwenye miguu yake mwenyewe, kimo cha mtu aliyesimama, kama mtoto anavyoanguka mara kumi kwa siku akainuka na kucheka. Wifi alisema mlio wake ulikuwa kama tofali bichi likidondoka.

Mwanawe alichojifunza hapo ni kwamba mama havumilii tena kusimama. Basi akamtafutia rafu.

Rafu yenyewe ilikuwa chumba kidogo ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na nane juu ya barabara, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mkamwana wake, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa amekisafisha mpaka kinanuka sabuni. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mwalimu tu. Ukutani alibandika ratiba iliyopigwa mistari kwa rula: saa moja vidonge, saa mbili chakula, saa nne kujigeuza upande, saa sita chakula, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, MAMA ASIINUKE PEKE YAKE.

Akitaka kwenda haja alitakiwa agonge kijiko kwenye kikombe. Mchana, wenyewe wakiwa kazini, aliachiwa beseni lenye mfuniko. Na kwa kuwa mtu anayekunywa maji ndiye anayetaka kwenda haja, Bi Zege, aliyenyanyua mifuko ya saruji akiwa na mimba ya miezi saba mpaka mtaa ukampa jina, akaacha kunywa maji. Wiki ya pili paja la ule mguu mzima, usiovunjika, lilikuwa limenyauka, linatikisika kama mfuko uliovuja. Aliligusa akasema peke yake, "Ala, na wewe umeniacha?"

*

Siku ya mkebe wa sukari ilikuwa Jumatano. Mwalimu alimpa vidonge saa moja kamili, kama ratiba inavyosema, akamwacha mumewe ashughulikie chakula cha saa mbili. Mumewe akaitwa kazini kupokea shehena ya vioo. Akatoka mbio akidhani mkewe ameshaacha kitu mezani.

Saa mbili na nusu Bi Zege alilitambua lile tetemeko. Akagonga kijiko kwenye kikombe, tena na tena, lakini nyumbani hakukuwa na mtu. Akaona atakufa hapo, tena kwa kufuata ratiba. Akashusha miguu. Akashika ukuta kwa viganja vyote viwili na kwenda kando kando kama kaa mpaka jikoni, akaupata mkebe wa sukari, akatia kijiko kinywani, kikafuata cha pili, akakaa sakafuni akingoja mikono itulie.

Hivyo ndivyo mkamwana alivyomkuta. Alikuwa amerudi kuchukua madaftari aliyoyasahau. Alimwona mama mkwe, mgonjwa wa kisukari, sakafuni, sukari midomoni, mkebe mapajani.

"Mama," akasema taratibu, kama anavyosema na mtoto aliyeiba chaki, "kweli tumefikia huku?"

Bi Zege alijaribu kueleza, ila ulimi ulikuwa bado mzito. Jioni yake kabati la jikoni liliwekwa kufuli. Mwanawe alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamweleza kwamba hawamwadhibu, wanamlinda, maana sukari inampenda kuliko anavyojipenda mwenyewe. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa mkamwana kwenye uzi wa kijani.

Bi Zege alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kliniki ni lini.

"Jumatatu."

"Nami nitakwenda," akasema. "Na hakuna atakayenisemea."

*

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mpira, mwenye tabia ya kuongea huku akiandika. Alitazama picha ya nyonga, akatazama karatasi ya kile kipimo cha mifupa walichomfanyia kabla hajaruhusiwa, akainua nyusi.

"Mifupa yako mizito," akasema. "Kwa mashine, umewapita wengi wa rika lako."

Mtunza bohari akasogeza kiti mbele. Ndilo neno alilokuwa akilingoja. Kama mifupa ni mizito, akasema, basi haikuvunjika kwa ugonjwa. Mama alivunjika kwa ukaidi, kwa kazi isiyo ya umri wake, na dawa ya ukaidi ni kupumzika. Alisema yote hayo kwa heshima, mikono juu ya magoti, huku mama yake amekaa katikati yao kama mzigo unaojadiliwa mlangoni.

Daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba mfupa si jiwe. Ndani yake kuna nyuzi, na hizo nyuzi ndizo zinazoufanya unepe kidogo unapopata kishindo. Sukari ikizidi damuni kwa miaka mingi inanata kwenye nyuzi hizo, zinakakamaa. Tena mfupa una mafundi wake, wanaobomoa palipochakaa na kujenga upya, na sukari huwalegeza mafundi hao, hivyo nyufa ndogo zinabaki bila kuzibwa. "Mashine inapima uzito," akasema. "Kunepa haipimi. Ndiyo maana mgonjwa wa sukari anaweza kuwa na mfupa mzito na bado ukakatika kwa kuanguka kidogo."

Bi Zege alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu atolewe kwa kiti, na kilimshtua mwanawe kuliko kilio.

"Hilo tofali nalijua," akasema. "Ulimimine leo, ulianike juani bila gunia wala maji, keshokutwa limekuwa jeupe, gumu, zito mkononi. Mteja anapenda. Likidondoka linakuwa vipande vitatu. Lile lililomwagiliwa wiki nzima, uzito ni huohuo, lakini linadondoka linakuangalia."

"Ndivyo, karibu na hivyo," daktari akasema, na mara hii hakuwa anaandika.

"Sasa tofali likishaungua, halirudi. Mimi je?"

Daktari hakumdanganya. Alisema mifupa haitarudi kuwa ya msichana, lakini iko hai, tofali haliko hai, na hapo ndipo nafasi yake ilipo. Kwanza akauliza vidonge gani vya sukari anavyokunywa na saa ngapi. Bi Zege akaeleza: saa moja vidonge, saa mbili chakula, kikipatikana. Akaeleza na habari ya mkebe wa sukari, yote, pamoja na kufuli. Hakumtazama mwanawe.

"Nani aliyepanga ratiba hii?" daktari akauliza. "Kidonge hiki humezwa pamoja na chakula, mezani. Si kabla. Alichofanya mama jikoni siku ile ndicho kilichomwokoa. Sukari ya kijiko iwe karibu naye daima, mchana na usiku."

Masikio ya mtunza bohari yaligeuka moto.

Aina moja ya vidonge aliiondoa kabisa, akisema inasemekana huongeza hatari ya kuvunjika, hasa kwa wanawake, akampa nyingine. Akaagiza figo zipimwe, na zikionekana nzima aanze kidonge cha mifupa, kimoja tu kwa wiki. Akaongeza vitamini ya jua na madini ya chokaa.

"Chokaa," Bi Zege akasema. "Mnanipiga lipu."

Kidonge chenyewe kilikuwa na masharti. Humezwa asubuhi tumbo tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, na kwa nusu saa mtu hali, hanywi kingine, na halali. Kikirudi kooni kinachoma. Nusu saa ikiisha, anakula, na kidonge cha sukari kinaingia na chakula.

"Kwa hiyo kuna dawa," Bi Zege akasema polepole, "inayokataza kulala."

"Ipo. Na yenye nguvu kuliko hiyo ni kusimama. Mfupa usiobebeshwa kitu unajiona hauna kazi, unaondoka. Kila siku kitandani unapungua. Chuma tulichokiweka kinabeba, kilikusudiwa kubeba." Akamgeukia mtunza bohari. "Wewe ulifikiri unamtunza."

Mtu wa mazoezi, kijana wa kiume mwenye mikono mikubwa, alimpa kiunzi cha kutembelea na hesabu ya kufikia. Siku atakayoinuka kwenye kiti mara tano bila kushika popote, akashuka na kupanda ngazi kwa fimbo, siku hiyo arudi kwake afanye kazi nyepesi, kwenye meza ya juu, bila kuinama sana wala kunyanyua. Ngazi zina sheria yake, akamfundisha: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, hutangulia mgonjwa.

Zilibaki siku kumi na tisa kabla ya Jumamosi ya Bwana Mashine.

*

Ratiba iling'olewa ukutani jioni ileile. Mwalimu aliing'oa mwenyewe, akakaa mezani na karatasi mpya muda mrefu sana, akiipiga mistari kwa rula wakati mistari haikuhitajika. Kisha aliingia chumbani, akauvua ule uzi wa kijani shingoni, akauweka pamoja na ufunguo juu ya mto.

"Nilikuona mwizi," akasema.

"Uliona sukari mdomoni," Bi Zege akasema. "Ningekuwa wewe ningepiga kelele mpaka majirani waje. Andika hapo, saa moja na nusu kusimama."

Kumshinda mkamwana kulikuwa rahisi. Mwanawe ndiye aliyekuwa jiwe. Sasa alikubali mazoezi, alikubali dawa, figo zilipotoka nzima alikwenda mwenyewe kununua vidonge. Lakini kiwanja, hapana. Kila alipomkuta mama amesimama alinyoosha mikono miwili kama anayesubiri kasha lidondoke. Usiku mmoja akasema lililokuwa moyoni: siku ile ya simu, alipoambiwa mama yako amekatika mguu, alikaa kwenye sakafu ya bohari na wapakuzi wakamruka wakidhani ameangusha kitu. Hataki kuipokea simu hiyo mara ya pili.

"Utaipokea," Bi Zege akamwambia. "Ya kuvunjika kwangu au ya kufa kwangu, moja lazima uipokee, mimi ndiye mama. Unachochagua ni nilikuwa nafanya nini siku ile ilipolia."

Lakini mwanawe hakumpigia Bwana Mashine kumkatalia.

Basi Bi Zege akafanya kazi. Mara ya kwanza kuinuka kitini bila mikono alishindwa hata moja. Makalio yalinyanyuka kidogo, yakarudi. Siku ya nne, moja. Siku ya tisa, mbili na jasho la saruji. Wifi alikuja kumtazama, akapanda ngazi zote arobaini na nane akilaani kila moja, akamkuta amejishika kwenye kiunzi anatetemeka.

"Ndama wa jana huyo," wifi akasema. "Tukuletee mama yako unyonye?"

"Magunia?"

"Mabichi. Mgongo wangu ndio mkavu." Akakaa, akavua kanga ya begani, akatoa kitu kizito akakiweka juu ya meza kwa kishindo. Kalibu ya ua la petali nane. "Nimekubebea ghorofani. Sasa uirudishe chini mwenyewe, mimi si punda wako."

Siku ya kumi na saba alifika nne. Ya tano haikutaka.

*

Bwana Mashine alisema saa nne akafika saa mbili na robo, maana mtu mwenye hamu ya kununua huamka mapema. Alikuta Bi Zege amesimama katikati ya sebule na fimbo. Dakika kumi na tano zilikuwa zimepita tangu ameze kidonge chake cha wiki.

Mgeni akasalimia, akakaribishwa kiti, akatandaza karatasi juu ya meza fupi ya kahawa, akaweka kalamu juu yake. "Karibu ukae, mama, usijichoshe kwa ajili yetu."

"Nimemeza dawa. Inakataza."

"Daktari alisema usilale," mwanawe akanong'ona. "Kukaa hakukataza."

"Ulimsikia kwa sikio lako, mimi kwa langu."

Bwana Mashine akacheka kidogo, akasema basi atie sahihi tu, hata hatakawia. Bi Zege akaitazama ile meza, chini kule usawa wa magoti.

"Kidonge kimenikataza kulala, na nyonga imenikataza kuinama. Karatasi yako ina shida. Iinue."

Mgeni akainuka, akaishika karatasi hewani mbele yake kwa mikono miwili, kama mtoto anayeonyesha kazi yake ubaoni. Mwalimu alikohoa. Bi Zege hakuigusa kalamu. Akauliza matofali yake anayamwagilia siku ngapi.

"Sisi ni mashine, mama. Yanatoka asubuhi, yanakaa juani, keshokutwa yako kwa mteja."

"Bila gunia."

"Gunia la nini? Hayo ni mambo ya zamani. Yapime kwa mizani, ni mazito kuliko yako."

"Mazito," Bi Zege akasema. Hakumtazama Bwana Mashine. Alimtazama mwanawe.

Mtunza bohari alikuwa ameegemea kabati, na neno lile lilimfikia alipo. Alikuwa amelisema yeye mwenyewe, kwa heshima, mikono juu ya magoti, mbele ya daktari. Akainamisha macho kwenye viatu vyake.

Bwana Mashine aliona upepo umegeuka, akaacha upole. Aliuliza mwanamke wa umri huu, mwenye sukari, mwenye chuma pajani, anayetembea kama mlango mbovu, atafanya nini na lundo la kokoto. Alisema anamfanyia hisani. Alisema mwaka huu nyonga, mwakani mgongo, nani atakinunua wakati huo.

Mguu wa Bi Zege ulikuwa umeanza kutikisika. Ulionekana waziwazi chini ya gauni, na kila mmoja sebuleni aliuona. Mwanawe alisogea hatua moja, mikono imeanza kunyooka. Akaona jicho la mama yake. Akairudisha mikono mfukoni, na hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya mwaka ule.

"Nikivunjika tena nitaungwa tena," Bi Zege akasema. "Kiwanja changu hakiuzwi kwa mtu asiyemwagilia."

"Mwanao alinipa neno."

"Neno lilikuwa langu, nalo lilinitoka nikiwa nimevunjika. Leo nimesimama, ninalichukua."

Mwalimu akatazama saa ya ukutani, akatazama ratiba yake mpya. "Saa mbili na nusu," akasema kwa sauti inayotuliza watoto hamsini. "Mama anatakiwa ale sasa hivi, na kidonge chake. Bwana, tunakuomba utupishe."

Bwana Mashine akakunja karatasi. Mlango ulipofungwa, Bi Zege alitua kwenye kiti kama mfuko ulioachiwa, akala yai na mkate. Alipomaliza akafuta kinywa, akainuka bila kushika. Akakaa. Akainuka. Mwanawe akawa anahesabu bila kutoa sauti, midomo tu. Ya tano ilichukua muda mrefu, ikawa kama haitaki tena, kisha ikakubali.

"Hata mie nimeona," mtunza bohari akasema.

Kwenye ngazi alitaka kumshika mkono.

"Usinishike. Tangulia mbele, nikianguka nikuangukie wewe."

Akatangulia, akishuka kinyumenyume, kalibu ya chuma kwapani, huku mama akiita kila ngazi kwa jina la mguu wake: mgonjwa, mzima, mgonjwa, mzima. Walipumzika mara tatu. Majirani walitoka milangoni kutazama. Zile arobaini na nane ziliwachukua dakika thelathini na tano, na barabarani wakakuta mwalimu ameshaliegesha gari na godoro liko juu.

*

Bi Zege alirudi kwake. Anafyatua akiwa kwenye meza ya juu aliyoijenga kwa matofali yake mwenyewe, matofali kumi na tano kwa siku badala ya sitini, na wifi ndiye humnyanyulia kalibu. Amri ya kiwanja ilibadilishwa: maji hayatiwi kwenye saruji mpaka wote wameshakula. Mkebe wa sukari unakaa juu ya pipa.

Mwaka uliofuata alijikwaa kwenye koleo akavunjika kifundo cha mkono. Mwanawe aliipokea ile simu, akaenda, akamkuta anagombana na aliyemfunga plasta kwamba amechanganya maji mengi. Mfupa uliunga baada ya wiki kumi, muda mrefu kuliko wa wengine. Kidonge cha wiki anaendelea nacho, kila Jumamosi, akiwa amesimama, ingawa kila mtu amekwisha kumwambia anaweza kukaa.

Wifi alipata kikohozi cha vumbi, akaacha kuchekecha, sasa anamwagilia na kunyanyua kalibu tu.

Mwalimu hupima sukari ya mumewe kila mwezi. Mara ya tatu ilikuwa juu. Mtunza bohari huja kiwanjani kila Jumapili kunyanyua mifuko ya saruji. Daktari alimwambia abebe vitu. Ameshavunja matofali sita.

Bwana Mashine alipata kiwanja kingine mtaa wa pili, anauza sana.

Daktari alihamishwa. Kijana wa mazoezi bado yupo.

Kile kiti cha plastiki kilikatika mguu mmoja. Kipo nyuma ya nyumba, kimeegemezwa ukutani, kinakaliwa na ndoo.